Mgongo kwa Kilimanjaro: Safari ya Shehena kutoka Tengeru hadi Embakasi

Kiwanja cha ndege, kwa maana itakayotumika katika masimulizi haya, si ukanda wa lami ambao ndege huukimbilia hadi zikapaa, wala si jengo la vioo ambamo abiria hungoja kuitwa, bali ni mahali ambapo bidhaa ya eneo fulani hukutana na chombo kiwezacho kuifikisha sokoni kabla haijaharibika. Maana hiyo ndiyo iliyoongoza safari inayosimuliwa hapa, iliyofanywa kwa barabara kutoka mashamba ya maua na mboga ya Tengeru na Usa River, mashariki ya jiji la Arusha, hadi maghala ya mizigo ya Embakasi, Nairobi, umbali unaozidi kilomita 250, msafiri akiwa ameketi kando ya dereva wa lori lenye jokofu lililobeba mawaridi na maharage machanga ya kwenda Ulaya. Mashamba hayo yako chini ya saa moja ya mwendo wa gari kutoka Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Kilimanjaro, ambacho Watanzania hukiita KIA. Hata hivyo lori lilipotoka getini liligeuka upande wa magharibi, likakipa kiwanja hicho mgongo, na kuanza safari ya kuvuka mpaka wa nchi mbili ili kuitafuta ndege.

Mgeuko huo haukuwa wa bahati mbaya, wala haukuwa wa siku moja. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya maua na mboga zinazolimwa kaskazini mwa Tanzania kwa ajili ya masoko ya ng'ambo imekuwa ikipita Nairobi, na mtu anayetaka kujua namna kiwanja cha ndege kinavyoweza kuinua uchumi wa eneo, na namna kinavyoweza kushindwa kuuinua ingawa kina kila kitu kinachoonekana kwa macho, hana budi kuifuata njia hiyo hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni katika kituo cha ufungashaji, yaani jengo la shambani ambamo mavuno huchambuliwa, hupangwa kwa urefu na ubora, na kutiwa katika maboksi. Wafanyakazi wengi ndani yake ni wanawake, waliovaa makoti mazito juu ya sare kwa sababu ya baridi, na kasi ya mikono yao inaeleza jambo ambalo takwimu huchelewa kulieleza: waridi likishakatwa huanza kufa, na kazi yote inayofuata ni ya kuchelewesha kifo hicho. Ubaridi wa nyuzi chache tu juu ya sifuri, kwa kawaida kati ya 2 na 4 za Selsiasi, huliweka ua katika hali ya usingizi, lakini usingizi huo ukikatizwa hata mara moja, boksi likaachwa juani kwa saa moja au jokofu la lori likazimika njiani, ua huamka, hufungua petali zake kabla ya wakati, na mnunuzi hulishusha bei au hulikataa kabisa. Wataalamu huita mfululizo huo mnyororo wa ubaridi, kwa maana ya vyumba, magari, maghala na ndege zinazopokezana bidhaa bila kuiruhusu ipate joto tangu shambani hadi dukani, na jina hilo linafaa, kwa kuwa pete moja ikikatika mnyororo mzima hauna kazi tena.

Bidhaa ya namna hiyo haiwezi kungoja meli kwa urahisi, na hapo ndipo usafiri wa anga unapopata nafasi yake katika biashara. Mizigo inayosafirishwa kwa ndege haifikii asilimia 1 ya biashara yote ya dunia ikipimwa kwa uzito, lakini ikipimwa kwa thamani inakaribia asilimia 35, kwa sababu kinachopanda ndege ni kile ambacho ama ni ghali sana, ama kinaharibika upesi, ama kinahitajika leo wala si kesho: dawa, vipuri, simu, minofu ya samaki, maua. Kwa mkulima wa Tengeru maana yake ni kwamba ekari moja ya ardhi inaweza kuzaa kitu ambacho mtu aliye kilomita zaidi ya 6,000 yuko tayari kukilipia, ila tu kama ndege ipo. Na ndege isipokuwapo, waridi lile lile halina thamani ya mche wa mahindi.

Kuhusu KIA yenyewe, historia yake inaonyesha kwamba waliokijenga walikuwa na nia kubwa. Kilifunguliwa mwaka 1971 katika tambarare iliyo kati ya Arusha na Moshi, kikiwa na njia ya kurukia yenye urefu wa mita 3,600, inayoweza kupokea ndege kubwa, wakati ambapo Arusha ilikuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza na lango la mbuga za Serengeti, Ngorongoro na Manyara. Mwaka 1998 uendeshaji wake ulikabidhiwa kampuni ya KADCO kwa mkataba uliowaingiza wawekezaji binafsi, jambo lililokuwa geni kwa viwanja vya Afrika wakati huo, na baadaye serikali ikazirudisha hisa zote mikononi mwake. Kimekarabatiwa pia kwa msaada wa Uholanzi, nchi ambayo shirika lake la KLM limekitumia kwa miongo mingi na ambayo, si kwa bahati, ndiyo yenye mnada mkubwa zaidi wa maua duniani, ule wa Aalsmeer, kilomita chache kutoka kiwanja cha Schiphol. Kwa hiyo lipo shamba, ipo njia ya kurukia, lipo soko, na ipo ndege inayotoka katika mji wa soko hilo na kushuka karibu na shamba. Kinachokosekana kinahitaji kuelezwa kwa utulivu.

Ndege ya abiria hubeba watu juu na mizigo chini, na sehemu hiyo ya chini, ambayo watu wa kazi huiita tumbo la ndege, ndiyo iliyokuwa ikibeba takriban nusu ya mizigo yote ya anga duniani kabla ya janga la korona. Nauli za abiria hulipia sehemu kubwa ya gharama za safari, kwa hiyo mwenye mzigo hupata nafasi ya tumboni kwa bei nafuu kuliko ile ya ndege ya mizigo mitupu, ambayo ni lazima ijilipie kwa shehena peke yake, ya kwenda na ya kurudi. Hapa kuna kanuni ambayo mabaharia wa pwani waliijua karne nyingi kabla ya ndege kubuniwa. Jahazi lililoshuka kwa upepo wa kaskazi kutoka Ghuba likiwa na tende, chumvi na mazulia lilikuja Lamu au delta ya Rufiji kwa sababu nahodha alijua kwamba kusi itakapoanza atapata boriti za kurudi nazo, na bandari isiyokuwa na shehena ya kurudi, hata ikiwa na maji matulivu na kina cha kutosha, haikupata majahazi. Kanuni hiyo haijabadilika. Ndege ya mizigo inayokwenda KIA kuchukua maua inatoka Ulaya au Ghuba ikiwa tupu au nusu tupu, kwa kuwa Arusha na Moshi, pamoja na ukubwa wake, haziagizi kwa ndege bidhaa za kuijaza, na nusu hiyo tupu ya safari huongezwa katika bei ya boksi la waridi.

Tumbo la ndege ya watalii lingeweza kuziba pengo hilo, na kwa sehemu linaziba, lakini kalenda ya watalii na kalenda ya maua hazikubaliani. Wageni huja kwa wingi kati ya Juni na Oktoba, wakafuata wale wa Desemba hadi Februari, kisha masika yanapoingia mwezi wa Aprili na Mei idadi yao hupungua na mashirika hupunguza safari au hutumia ndege ndogo zaidi. Ulaya, kwa upande wake, huhitaji maharage machanga ya Afrika hasa katika miezi ambayo mashamba yake yamelala kwa baridi, kuanzia Oktoba hadi majira ya kuchipua, na hununua mawaridi kwa pupa kwa ajili ya Februari 14, Machi 8 na Siku ya Mama, ambayo katika nchi nyingi za bara hilo huangukia Mei, yaani katikati ya masika. Mkulima anayetegemea tumbo la ndege ya watalii hujikuta ana nafasi nyingi asipoihitaji sana na hana nafasi anapoihitaji kuliko wakati wowote. Msafiri aliona kwamba huu ndio ugumu wenyewe, na kwamba huzungumzwa mara chache kuliko majengo na lami, ingawa ndio unaoamua njia ya lori.

Barabara kutoka Tengeru hadi Sakina ina njia nne, na lori liliupita mji bila kusimama, likashika barabara ya Namanga huku Mlima Meru ukibaki kulia. Baada ya Oldonyosambu ardhi hufunguka na kukauka, migomba na kahawa hupotea, na kinachoonekana ni migunga, mifugo ya Wamaasai na mlima wa Longido ukisimama peke yake. Dereva, aliyemwita msafiri “mwalimu” tangu walipopeana mikono, alitazama kipimo cha joto la sanduku la nyuma mara nyingi kuliko alivyotazama saa, na alipoulizwa kama angependelea safari fupi ya KIA alijibu kwamba angeipenda kwa ajili ya familia yake, lakini mzigo hauchagui njia iliyo karibu, unachagua njia yenye ndege kila usiku. Jibu hilo lina uzito wa kitaalamu. Mnunuzi wa Ulaya haulizi tu bei, bali huuliza kama bidhaa itafika Jumanne, Alhamisi na Jumamosi za kila wiki ya mwaka, na kiwanja chenye ndege nyingi kina fadhila ambayo kiwanja chenye ndege chache hakiwezi kuiiga, nayo ni kwamba ndege moja ikikosekana ipo nyingine saa chache baadaye.

Njia hii ya Longido iliwahi kuwa kimya. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946, lilikufa nayo, Kenya na Tanzania kila moja ikaanzisha shirika lake mwaka huo huo, na mpaka wa nchi hizo mbili ukafungwa hadi mwaka 1983. Wapo waliotumaini kwamba kufungwa huko kungewalazimisha watalii waliozoea kushukia Nairobi washukie KIA, lakini wengi wao hawakuja kabisa, kwa kuwa mashirika ya ndege hayakuongozwa na mpaka bali na idadi ya viti vinavyojaa. Kiwanja kilichokuwa na umri wa miaka 6 tu kikapoteza eneo lake la asili la kulishwa, na ingawa miaka mingi imepita, msafiri anayeitazama barabara hiyo hawezi kuacha kufikiri juu ya miaka ile ambayo majirani walizuiana na wote wawili wakapungukiwa. Barabara ya sasa, ya Arusha hadi Athi River kupitia Namanga, imejengwa upya chini ya Jumuiya ya pili, ambayo mkataba wake ulitiwa saini Novemba 30, 1999, kwa fedha ambazo sehemu yake ilitoka Benki ya Maendeleo ya Afrika, na ni haki kusema kwamba imefanya kwa ajili ya maua ya Arusha kazi kubwa kuliko njia nyingi za kurukia ndege.

Namanga iko chini ya mlima Ol Doinyo Orok, mji mmoja wenye bendera mbili. Tangu Desemba 2018, ulipozinduliwa rasmi utaratibu wa kituo cha huduma za pamoja, maafisa wa nchi zote mbili hufanya kazi chini ya paa moja katika nchi inayoingiwa, ili gari lisimame mara moja badala ya mara mbili. Wakala wa forodha, yaani mtu aliyesajiliwa kuandaa na kuwasilisha nyaraka kwa niaba ya mwenye mzigo, alikuwa amekwisha kutuma taarifa za shehena kabla lori halijafika, na alikuja dirishani na bahasha yenye tamko la forodha, orodha ya maboksi na cheti cha afya ya mimea, waraka ambamo mkaguzi wa serikali huthibitisha kwamba bidhaa haina wadudu wala magonjwa yanayokatazwa na nchi inayoipokea. Kwa kuwa shehena ilikuwa ya kupita tu, haikutozwa ushuru wa forodha, lakini ililazimika kufungwa kwa lakiri na kuangaliwa, na lori likakaa katika foleni huku mashine ya jokofu ikinguruma na kula dizeli. Wanawake wa Kimaasai walipita kati ya magari wakiuza shanga, wakizungumza na madereva wa Tanzania na wa Kenya kwa Kiswahili kile kile. Utaratibu wa pamoja umepunguza sana muda wa kusubiri, na kila anayeukumbuka mpaka wa zamani analikiri hilo. Hata hivyo, kila dakika ya Namanga ni gharama ambayo waridi la Naivasha, linalosafiri chini ya kilomita 120 ndani ya nchi moja hadi Embakasi, halilipi.

Kutoka mpakani barabara hupita Bisil, Kajiado na Isinya, na kadiri Kitengela inavyokaribia ndivyo malisho yanavyokatwa viwanja na nyumba za ghorofa zinavyosimama mahali pa ng'ombe. Athi River, ambako barabara hiyo hukutana na ile ya Mombasa, kuna viwanda, maghala na eneo la bidhaa za kuuzwa nje, na kutoka hapo hadi Embakasi mtu huona kwa macho kile ambacho wachumi hukiita mkusanyiko wa shughuli, kwa maana ya biashara zinazojisogeza karibu na nyingine kwa sababu kila moja hupata kwa jirani yake huduma, wateja au wafanyakazi. Mtengenezaji wa maboksi, fundi wa majokofu, mwenye malori, mkaguzi, benki na wakala hawakuletwa hapo na amri. Walivutwa na ndege, na kuwapo kwao kukavuta ndege nyingine.

Kiwanja cha Embakasi kilifunguliwa Mei 1958, chini ya serikali ya kikoloni, na sehemu ya kazi ya kukijenga ilifanywa kwa nguvu za wafungwa waliokamatwa wakati wa hali ya hatari ya miaka ya Mau Mau, jambo ambalo mwandishi yeyote anayesifu ustawi wake hana ruhusa ya kulisahau. Jengo jipya la abiria lilifunguliwa mwaka 1978, na baada ya kifo cha rais wa kwanza wa Kenya mwaka huo kiwanja kikapewa jina la Jomo Kenyatta. Kimaumbile hakina heri kubwa. Kiko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya mwinuko huo ni nyembamba, kwa hiyo mbawa na injini hupata nguvu ndogo, ndege huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kupaa, na katika mchana wa joto ndege nzito hulazimika kupunguza mzigo au mafuta, ingawa njia ya kurukia ina zaidi ya mita 4,100. KIA iko chini zaidi, mita 894, na kwa kipimo hicho pekee ndege ingeweza kuondoka huko na tani zaidi. Maumbile yameipa Kilimanjaro upendeleo, na bado lori linapanda kwenda Nairobi.

Sababu ilionekana katika eneo la mizigo, ambako lori liliingia usiku na kusogea kinyumenyume hadi mlango wa ghala la baridi. Upande mmoja malori ya Naivasha, Thika na Mlima Kenya yalikuwa yakishusha maua. Upande mwingine, mizigo iliyotoka nje ilikuwa ikipakiwa kwenda mjini: vifaa vya mawasiliano, dawa, vipuri, mitambo. Nairobi ina ofisi kuu ya Umoja wa Mataifa barani Afrika huko Gigiri, ina makao ya kanda ya kampuni nyingi, na kwa miongo mingi imekuwa kituo cha misaada inayokwenda Somalia na Sudan Kusini, kwa hiyo ndege inayokuja kuchukua maua haiji tupu. Hiyo ndiyo shehena ya kurudi ambayo nahodha wa jahazi aliitafuta. Nayo haikuanza na ndege za mizigo. Kilimo cha maua na mboga cha Kenya kilipokuwa kikichipua katika miaka ya 1970, kilisaidiwa sana na nafasi iliyokuwa wazi katika matumbo ya ndege zilizoleta watalii, na ni baada ya mavuno kuzidi nafasi hiyo ndipo ndege za mizigo mitupu zilipoona faida ya kuja. Leo Kenya hutoa takriban theluthi moja ya maua yanayoingia katika Umoja wa Ulaya. Kwa mtazamo huo, ndege za watalii zinazoshuka KIA si mbadala duni wa ndege za mizigo, bali ni mbegu ile ile ambayo Nairobi ilipanda, ila imepandwa kwa kuchelewa na kando ya mti uliokwisha kukua.

Ukubwa huo wa Nairobi una hatari zake, na wakulima wa nchi zote mbili wamezionja. Agosti 7, 2013 moto uliteketeza jengo la kupokelea abiria wa kimataifa la Embakasi na kusimamisha safari kwa muda, na mazao yaliyokuwa njiani yakakosa pa kwenda. Machi 2020 hali ilikuwa mbaya zaidi: abiria walipozuiwa kusafiri, matumbo ya ndege yalitoweka pamoja nao, bei ya kusafirisha kilo moja ikapanda, na mashamba ya Naivasha yakalazimika kutupa maua yaliyokuwa yamechanua. Aliyetegemea mlango mmoja alijikuta nje, naye hakuwa Mkenya peke yake, kwa kuwa mlango huo huo ndio uliokuwa wa Arusha.

Kosa la kudhani kwamba njia ya kurukia inatosha halikufanywa Tanzania pekee. Huko Eldoret, magharibi mwa Kenya, kiwanja cha kimataifa kilifunguliwa mwaka 1997 chenye njia ya kurukia ya takriban mita 3,500, katikati ya nchi yenye rutuba, na ndege za mizigo zimekuwa zikishuka hapo na bidhaa za Asia na Ghuba kwa ajili ya maduka, kisha zikaondoka matumbo yakiwa wazi, kwa sababu mnyororo wa ubaridi na ufungashaji unaoweza kuzijaza umejengwa mbali na hapo. Kilimanjaro ina maua bila mzigo wa kuingia; Eldoret ina mzigo wa kuingia bila maua yaliyo tayari; na viwanja vyote viwili, kwa sababu zinazopingana, vinalisha Nairobi.

Lipo pia suala la sheria ya anga, ambalo kwa mkulima huonekana la mbali lakini linagusa boksi lake. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 uliipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga yake, na haki za kubeba abiria na mizigo zikawa jambo la makubaliano kati ya nchi na nchi, zikipewa jina la uhuru na kuhesabiwa kwa namba. Uhuru wa tatu ni wa kubeba mzigo kutoka nyumbani kwenda ugenini, wa nne ni wa kuurudisha kutoka ugenini, na wa tano ni wa kuchukua mzigo katika nchi ya pili na kuushusha katika nchi ya tatu, safari ikiwa imeanzia nyumbani. Ndege ya mizigo ya Kenya ikitoka Nairobi ikiwa imejaa nusu, ikatua KIA kuongeza mawaridi ya Usa River, kisha ikaendelea hadi Amsterdam, itakuwa inatumia uhuru wa tano, na bila ruhusa hiyo nusu iliyobaki itaondoka tupu huku mawaridi yakipanda lori. Nchi za Afrika ziliahidiana kulegeza mambo hayo kwa Azimio la Yamoussoukro la mwaka 1999, na Januari 2018 Umoja wa Afrika ukazindua soko moja la usafiri wa anga, lakini utekelezaji umekwenda polepole, kwa kuwa kila serikali huogopa kwamba kufungulia wengine anga ni kuliua shirika lake. Hofu hiyo inaeleweka kwa yeyote anayekumbuka mwaka 1977. Tanzania imejaribu njia nyingine pia, kwa kununua ndege yake ya mizigo, Boeing 767-300F inayobeba takriban tani 54, iliyopokewa Dar es Salaam Juni 2023, na ununuzi huo unastahili heshima. Lakini tani 54 zinazoondoka Kilimanjaro zitahitaji tani za kurudi nazo, na swali la shehena litakuwa limehamia kutoka kwa mwenye ndege wa kigeni hadi kwa mwenye ndege wa nyumbani bila kupungua.

Je, ni vibaya waridi la Tengeru kupaa kutoka Embakasi? Msafiri hakuona hivyo. Kama eneo la kiuchumi linapimwa kwa mahali bidhaa na watu wanapofikia, basi Embakasi ni kiwanja cha Arusha kama kilivyo cha Naivasha, na kuna wanawake wanaolipa ada za shule huko Usa River kwa sababu ndege zipo Nairobi. Kibaya ni kwamba ada za kutua, mishahara ya wapakiaji, kodi za maghala na ujuzi wa kuhudumia shehena hubaki vyote upande mmoja, na kwamba sera za nchi zote mbili bado huandikwa kana kwamba viwanja hivyo viwili ni wapinzani wanaogombea ndege moja, wakati ndege hiyo hiyo ingeweza kutua kwa wote wawili katika usiku mmoja. Ili hilo litokee Kilimanjaro ingehitaji mambo madogo kuliko terminali mpya: wakulima wanaokusanya mavuno yao ili kujaza ndege kwa siku zinazojulikana, ghala la baridi lililo karibu na ndege, wakaguzi wanaofanya kazi usiku, ada za mafuta na za kutua zinazokaribiana na za jirani, na haki ya anga ya kuruhusu ndege ya jirani ishuke.

Maboksi ya mwisho yalitoka katika lori baada ya saa sita ya usiku, yakapimwa joto, yakapangwa juu ya paleti, ambayo ni bamba bapa la kubebea mzigo lenye vipimo vya ndege, na kufunikwa kwa wavu. Dereva alifagia sanduku la lori, akalipiga maji, kisha akaanza kupiga simu za kutafuta mzigo wa kurudi nao, kwa sababu lori nalo, kama jahazi na kama ndege, hula hasara likirudi tupu, na jokofu la maua halipakiwi kila kitu. Alfajiri alikuwa amepata: mabunda ya maboksi ya kufungashia, yaliyotengenezwa Nairobi na bado yakiwa bapa, yaliyokuwa yakisubiriwa na shamba lile lile la Usa River ili yajazwe mawaridi na kuletwa tena.